Alipiga Gitaa Gani? Namna ya Kulitambua Gitaa la Pedali la Mpigaji Unayempenda

Oktoba 1969, katika studio ya Wally Heider mjini San Francisco, Jerry Garcia aliketi nyuma ya chombo alichokuwa amekinunua mwaka huohuo na kupiga kwenye wimbo wa Graham Nash, "Teach Your Children". Garcia alijulikana kama mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Grateful Dead, na kwenye chombo hiki kipya alikuwa bado mwanafunzi. Wimbo ulitoka mwaka uliofuata ndani ya albamu ya Crosby, Stills, Nash & Young iitwayo Déjà Vu, ukapanda hadi nafasi ya 16 katika chati za Marekani. Kwa wasikilizaji wengi wa roki, ile sauti inayoteleza na kupinda tangu mwanzo wa wimbo ndiyo iliyowajulisha kwamba kuna kitu kinaitwa gitaa la pedali.

Kila sauti ya aina hiyo huzaa swali moja kwa mtu anayetaka kujifunza: alipiga gitaa gani? Kwa Garcia jibu lipo. Lilikuwa ZB Custom, gitaa la shingo mbili zenye nyuzi kumi kila moja, alilolipata jimboni Colorado. Herufi ZB ni za fundi Zane Beck. Jibu hilo, hata hivyo, halikupatikana kwa kusikiliza santuri. Sikio peke yake lingeweza kumpeleka mtu kwenye majina manne au matano tofauti. Lilipatikana kwa picha, tarehe na kumbukumbu za watu, na njia hiyohiyo ndiyo inayofaa kwa karibu kila mpigaji anayependwa.

Ugumu wa swali unatokana na chombo chenyewe. Gitaa la kawaida lina umbo linalotambulika kwa mbali, na mpigaji hulivaa mbele ya kamera kama vazi. Gitaa la pedali halivaliwi. Husimama kwa miguu yake minne mfano wa meza ya cherehani, mpigaji akiwa ameketi nyuma yake, nyuzi zikitazama juu. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma cha mviringo na kukitelezesha juu ya nyuzi bila kuzibana kwenye ubao. Mkono wa kulia hukwanyua kwa kucha za bandia zilizovishwa kidole gumba na vidole vingine viwili. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali zinazovuta au kulegeza nyuzi fulani wakati zinalia, magoti husukuma nyenzo zinazofanya kazi kama hiyo, na mguu wa kulia huongeza na kupunguza sauti kwa pedali ya pembeni. Mtazamaji aliye mbele ya jukwaa huona ubao mrefu wa mbele, miguu na kichwa cha mtu aliyeinama. Sehemu zinazolitofautisha gitaa moja na jingine ziko juu na chini yake, asikofika mpiga picha.

Ndiyo maana wenye uzoefu huanza na kalenda.

Ukoo wa gitaa hili unaanzia Hawaii. Joseph Kekuku, aliyezaliwa Laie katika kisiwa cha Oahu mwaka 1874, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kulaza gitaa na kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Mtindo huo ulivuka bahari ukaenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na mapema katika miaka ya 1930 ukazaa gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni, lile la Rickenbacker lililopewa jina la utani la kikaango kwa sababu ya umbo lake. Wapigaji walipotaka mipangilio zaidi ya nyuzi waliongezewa shingo: mbili, tatu, hata nne. Pedali zilikuja kama njia ya kuokoa nafasi. Kampuni ya Gibson ilitengeneza Electraharp karibu na mwaka 1940, na mwanamuziki Alvino Rey akaitumia. Kwa wakati huo pedali zilibadilisha mpangilio wa nyuzi kati ya sauti moja na nyingine, basi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Bud Isaacs. Katika wimbo wa Webb Pierce "Slowly", uliotamba mwaka 1954, Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikiendelea kulia. Noti mbili zikapanda mbele ya masikio ya msikilizaji huku nyingine ikibaki palepale. Kipande cha chuma peke yake hakiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa kikiteleza huhamisha nyuzi zote kilizozigusa kwa pamoja. Wapigaji waliousikia wimbo huo walianza kufunga pedali kwenye magitaa yao au kuagiza mapya.

Mwaka huo ni mpaka wenye manufaa makubwa kwa mpelelezi. Mwimbaji wa kantri Hank Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953. Kwa hiyo ile sauti kali ya kuomboleza katika nyingi ya nyimbo alizorekodi, iliyopigwa na Don Helms, inatoka kwenye gitaa la Gibson la shingo mbili lisilo na pedali. Anayetafuta kuiga sauti hiyo kwa kununua gitaa lenye pedali tatu na nyenzo nne za magoti atakuwa amenunua chuma kingi asichokihitaji. Tarehe nayo ina kikomo chake. "Sleep Walk" ya Santo & Johnny, iliyoongoza chati za Marekani mwaka 1959, ilitoka miaka mitano baada ya "Slowly", na watu wengi huidhania kuwa ya pedali. Santo Farina aliipiga kwa gitaa la Fender lisilo na pedali. Kalenda inaweza kukuambia kipi hakikuwezekana, lakini uwezekano wa jambo hauthibitishi kwamba lilitokea.

Baada ya kalenda huja macho, na macho yanahitaji mafunzo kidogo.

Jambo la kwanza la kuhesabu ni shingo na nyuzi. Nyuzi nane kwenye picha ya gitaa lenye pedali humrudisha mtu kwenye kundi dogo la vyombo vya miaka ya 1950 na 1960. Fender waliingiza sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950 magitaa mawili ya aina hiyo: Fender 400 yenye shingo moja na Fender 1000 yenye shingo mbili. Nyuzi kumi ndizo zilizokuja kuwa kawaida ya studio za kantri za Nashville, na nyuzi kumi na mbili ni za wale wanaotaka kuunganisha mipangilio miwili katika shingo moja. Mafundi na wauzaji hufupisha hesabu hiyo kwa herufi: S-10 ni shingo moja ya nyuzi kumi, D-10 ni shingo mbili za nyuzi kumi kila moja.

Jambo la pili ni ubao wa mbele. Paul Bigsby, fundi wa Downey huko California aliyependa pikipiki na kazi ya chuma, aliwarahisishia kazi wapelelezi bila kukusudia. Aliandika jina la mwenye gitaa mbele ya chombo, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka viti vya nyuma. Mpigaji Speedy West, aliyepata gitaa lake la Bigsby lenye shingo tatu mwaka 1948, anaonekana katika picha akiwa ameketi nyuma ya jina lake mwenyewe. Bigsby pia alikuwa na desturi ya kupiga muhuri wa tarehe mahali ambapo viwanda vingine huweka namba ya mfululizo. Gitaa lake hujitambulisha lenyewe: la nani, na la siku gani.

Wengine hawakuwa wakarimu hivyo, lakini waliacha alama. Sho-Bud, kampuni iliyoanzishwa Nashville katikati ya miaka ya 1950 na Shot Jackson na Buddy Emmons, inajulikana kwa mapambo ya karata kwenye ubao wa freti: kopa, shupaza, uru na maua zikipangwa mahali ambapo wengine huweka nukta. Magitaa yake mengi ni ya mbao za mepo zilizopakwa vanishi, na mchoro wa mbao unaonekana hata katika picha iliyofifia. Magitaa ya kampuni ya Emmons yalipotokea baadaye, mengi yalivishwa fomaika, nyeusi ikiwa maarufu zaidi, na ncha zake zikazibwa kwa vipande vya chuma vinavyong'aa. Kwa mbali, mbao za rangi ya asali dhidi ya weusi unaometa ni tofauti inayotosha kuanza kukisia.

Hapo ndipo mtego wa kwanza unapojificha. Buddy Emmons, ambaye kwa wapigaji wengi ndiye mkubwa kuliko wote, alizaliwa Mishawaka, Indiana, mwaka 1937, na jina lake liko kwenye kampuni mbili. Moja ina kipande cha jina lake la kwanza, yaani Sho-Bud, na nyingine ina jina la ukoo wake. Mtu anayeipenda albamu yake Steel Guitar Jazz anaweza kwenda moja kwa moja kutafuta gitaa la Emmons. Lakini albamu hiyo ilirekodiwa mwaka 1963, magitaa ya Emmons yakiwa bado hayajaingia sokoni. Ni mwaka huohuo alipoachana na Sho-Bud na kushirikiana na Ron Lashley wa Burlington, North Carolina, kuunda kampuni mpya. Alichopiga katika kikao kile kilikuwa Sho-Bud. Ukichukua rekodi zake za miaka iliyofuata, jibu linageuka, ingawa mikono ni ileile.

Mtego wa pili ni gitaa lililopewa jina la mpigaji. Lloyd Green ni mmoja wa wapigaji wa studio waliofanya kazi nyingi zaidi Nashville. Alisikika katika rekodi za Charley Pride, Tammy Wynette na Don Williams. Msikilizaji wa Nairobi au Eldoret aliyelelewa na vipindi vya muziki wa kantri redioni amemsikia mara nyingi bila kujua jina lake. Green alikuwa na gitaa la shingo mbili, lakini kazi yake karibu yote aliifanya kwenye shingo ya mbele. Basi ile ya nyuma ikaondolewa na mahali pake pakawekwa mto wa kuegemeza mikono. Sho-Bud walilitoa wazo hilo sokoni mwaka 1973 kwa jina la LDG: mwili mpana wa gitaa la shingo mbili, shingo moja tu juu yake, na mto.

Kwa hiyo mtu akiona mto huo kwenye picha ya Green anaweza kusema LDG bila hofu kubwa. Lakini akiuona kwenye picha ya mpigaji mwingine, asikimbilie jibu, kwani kampuni nyingine nazo ziliutengeneza mtindo huo na wapenzi wa Green wakaununua kwa hamu. Na akisikiliza kazi za Green za miaka ya 1960, kama "The Bridge Washed Out" ya Warner Mack ya mwaka 1965, jina LDG halimhusu kabisa. Muundo huo ulikuwa bado miaka minane mbele.

Green anatufundisha jambo jingine kupitia albamu ya The Byrds, Sweetheart of the Rodeo, ya mwaka 1968. Bendi ilirekodi sehemu Nashville na sehemu Los Angeles. Nashville gitaa la pedali lilipigwa na Lloyd Green, na sauti yake ndiyo inayoufungua upande wa kwanza katika "You Ain't Goin' Nowhere". Los Angeles lilipigwa na JayDee Maness. Msikilizaji asiyesoma majina nyuma ya jalada huwasikia kama mtu mmoja, kisha anatafuta gitaa moja lililotoa sauti zote. Swali la "gitaa gani" lina swali jingine chini yake, nalo ni "nani, na kwenye wimbo upi".

Mfano unaoonyesha jinsi utambuzi sahihi unavyobadilisha kila kitu ni wa Pete Kleinow, aliyeitwa Sneaky Pete. Kabla na baada ya umaarufu wake katika muziki alifanya kazi ya filamu za vikaragosi, zikiwemo zile za Gumby. Mwaka 1969 alipiga katika albamu ya The Flying Burrito Brothers, The Gilded Palace of Sin, na akafanya jambo ambalo wanamuziki wa Nashville hawakulizoea: aliipitisha sauti ya gitaa lake kwenye kifaa cha kuikwaruza, kile wanachotumia wapiga gitaa wa roki. Waliovutiwa naye walidhani siri yote ilikuwa kwenye kifaa hicho.

Kleinow alipiga Fender 400, gitaa la nyuzi nane linaloendeshwa kwa nyaya. Ukikanyaga pedali, waya huvuta kutoka mguuni hadi kwenye mashine inayovuta nyuzi, tofauti na vyuma vigumu vilivyotumika kwenye Sho-Bud na Emmons. Zaidi ya hayo, alipanga nyuzi zake kwa mfumo wa B6, huku wenzake wengi wakitumia E9 ya nyuzi kumi. Mwanafunzi anayenunua gitaa la kisasa la E9 na kujaribu kuiga mistari ya Kleinow atagundua kwamba baadhi ya mistari hiyo inakataa kukaa mkononi. Noti zinapatikana, lakini ziko mahali pengine, na pedali zinavuta nyuzi tofauti. Katika mfano huu jina la kampuni ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni mpangilio wa nyuzi na kazi ya kila pedali, mambo ambayo hayaandikwi mbele ya gitaa lolote.

Tukiwa kwenye pedali, miguu nayo ni shahidi. Katika E9, pedali tatu za kwanza huitwa A, B na C. A hupandisha nyuzi za B hadi C-kali, B hupandisha za G-kali hadi A, na C hupandisha uzi wa B pamoja na wa E. Mpangilio wa Emmons huziweka A, B, C kutoka kushoto kwenda kulia. Jimmy Day, mpigaji wa kizazi hichohicho aliyetikisa majukwaa ya kantri, alizipanga kinyume: C, B, A. Gitaa linaweza kuwa la kampuni ileile, rangi ileile, mwaka uleule, lakini la mfuasi wa Day litamchanganya mfuasi wa Emmons mara tu anapoweka mguu. Ndiyo maana video inayoonyesha miguu ina thamani kuliko picha kumi za uso.

Picha nazo zina hila yake. Vishikio vya kukazia nyuzi huwa upande wa kushoto wa mpigaji, na mashine inayovuta nyuzi huwa upande wa kulia. Ukiona jalada au jarida la zamani ambalo vishikio viko kulia kwa mpigaji, usiseme umegundua mpigaji wa mkono wa kushoto. Angalia kwanza vifungo vya shati na maandishi yaliyo nyuma yake, kwa sababu picha nyingi ziligeuzwa wakati wa kuchapishwa. Na picha ya kutangaza albamu hupigwa na mpiga picha, kwa siku yake, mahali pake. Gitaa linalong'aa mbele ya pazia huenda lilitolewa na kampuni kwa matangazo, wakati lile la studio liko nyumbani likiwa limekwaruzika. Picha iliyopigwa ndani ya studio siku ya kurekodi ina uzito kuliko zote.

Chini ya gitaa ndiko kwenye ushahidi usiobishaniwa sana. Emmons ya zamani ina mfumo ambao huvuta ili kupandisha uzi na kusukuma ili kuushusha, na mafundi huutambua kwa kuinama mara moja. Sauti yake inapendwa kwa sababu uzi unapopumzika, sehemu inayoushikilia huegemea imara kwenye mwili wa gitaa. Kuurekebisha, hata hivyo, ni kazi ya kukatisha tamaa kwa asiyeujua. Mifumo ya baadaye huvuta tu, kwa kupandisha na kwa kushusha, na ndiyo iliyoenea leo kwa sababu ni rahisi kutunza. Mtu akipata nafasi ya kuliona gitaa lililotoka mikononi mwa mpigaji maarufu, anaangalia huko kwanza, kisha anatafuta matundu ya skrubu yasiyotumika. Hayo ni makovu ya mabadiliko. Wapigaji hawa waliongeza nyenzo, walihamisha pedali, walibadilisha sumaku za kunasa sauti, na gitaa lililonunuliwa mwaka mmoja linaweza kuwa kitu kingine miaka mitano baadaye, jina la mbele likibaki lilelile.

Basi sikio lina kazi gani? Linasaidia kupanga miaka. Katika "Slowly" ya Isaacs noti mbili hupanda pamoja kwa mkanyago mmoja. Katikati ya miaka ya 1950 Emmons alizigawa kazi hizo kwa pedali mbili, ili kila noti iweze kwenda peke yake, na mwaka 1962 akaongeza kwenye E9 nyuzi mbili za juu zinazojaza mapengo ya ngazi ya sauti. Msikilizaji mwenye subira anaweza kuzisikia hatua hizi, na kwa hizo akakadiria chombo ni cha zama gani.

Lakini sikio hulaghaiwa kwa urahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gene Parsons na Clarence White walibuni kifaa kinachofungwa ndani ya gitaa la kawaida la Fender Telecaster. Mpigaji akivuta gitaa chini, mkanda wa begani huupandisha uzi wa B kama ambavyo pedali ingefanya. Sauti inayoteleza kwa upole katika "Peaceful Easy Feeling" ya Eagles, ya mwaka 1972, ni ya Bernie Leadon akiwa amesimama na Telecaster ya namna hiyo. Wangapi wameusikia wimbo huo na kutafuta gitaa lenye miguu minne?

Kwa upande wa pili, wapo wapiga gitaa la kawaida waliojaribu la pedali bila kufuata sheria zake. David Gilmour wa Pink Floyd alitumia Fender 1000 katika "The Great Gig in the Sky" ya mwaka 1973, akiwa amelipanga kwa namna iliyo karibu na gitaa alilolizoea, na sauti yake ni mteremko mrefu wa chuma kuliko kazi ya miguu. Anayemtafuta Gilmour kwa kujifunza E9 ya Nashville atakuwa amepanda basi la mji mwingine.

Afrika ina sehemu yake katika hadithi hii, na haihusu kantri. Mwaka 1982 kampuni ya Island ilitoa albamu Juju Music ya King Sunny Adé wa Nigeria, na mwaka uliofuata Synchro System. Ndani ya ukuta wa magitaa na ngoma zinazozungumza, gitaa la pedali la Demola Adepoju linapita na kuteleza. Halililii mapenzi yaliyovunjika kama lilivyofanya Nashville. Linajibizana na ngoma, linatoa mikwaruzo na miluzi mifupi, kisha linanyamaza. Paul Simon alipotengeneza albamu yake ya Graceland, iliyotoka 1986, alimwita Adepoju apige kwenye wimbo wenye jina hilo. Matokeo yake ni kwamba wimbo unaohusu safari ya kwenda kwenye nyumba ya Elvis Presley huko Tennessee, jimbo ambalo Nashville ni mji wake mkuu, una gitaa la pedali lililopigwa na Mnigeria.

Jina lake lilifahamika kwa sababu limeandikwa kwenye orodha ya wanamuziki wa albamu. Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha kufunguliwa na mtu yeyote mwenye swali la aina hii. Kinachofuata ni tarehe ya kikao, kisha picha au filamu ya kipindi hichohicho, kisha mahojiano ya mpigaji mwenyewe, na mwisho maelezo ya fundi aliyewahi kulifungua gitaa husika. Vyanzo viwili vikikubaliana, jibu limekaribia. Vikipingana, kile kilicho karibu zaidi na siku ya kurekodi ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu mpigaji anayehojiwa baada ya miaka 30 huenda anakumbuka gitaa alilolipenda zaidi, hata kama silo alilokuwa nalo siku ile.

Aliyevutiwa na Adepoju anaweza kuanza leo. Sunny Adé na bendi yake walizunguka Ulaya na Marekani katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 na maonyesho yao yalipigwa picha na kurekodiwa kwa video. Atafute sehemu ambapo kamera inashuka hadi kwenye safu ya nyuma. Ahesabu shingo, ahesabu vishikio vya nyuzi upande wa kushoto wa mpigaji, atazame ubao wa mbele kama ni wa mbao au wa fomaika, kisha asubiri kamera ishuke tena hadi miguuni.